Sikio la mbwa linapona, linarudi: hela inaliwa na nini hasa?

#1 Mbweko
Wakuu salaam.

Ukiwauliza wafugaji hela ya daktari wa mbwa inaishia wapi, wengi watakutajia mguu uliovunjika au ugonjwa wa virusi wa parvo. Hayo yanatisha kweli, lakini huja mara moja. Mimi nadai kinachokomba mfuko ni sikio. Linauma, linapona, linarudi, na kila likirudi unalipa upya tangu mlangoni.

Mfano wa kuuchambua: dume, miaka 3, kilo 24, masikio ya kulala. Ndani ya mwaka mmoja kaingia kliniki mara 6 kwa sikio lilelile la kulia. Mlolongo hauna tofauti: ada ya kumwona daktari, kichupa cha matone, vidonge vya siku 7. Siku ya nne harufu imekwisha, siku ya saba sikio limetakata. Wiki ya sita hivi anaanza tena kutikisa kichwa, ukilikunjua sikio unakuta nta ya kahawia, laini kama grisi, yenye harufu ya unga uliochacha.

Kosa liko wapi? Dawa, usafi, chakula au mbwa mwenyewe? Na mtu afanye nini ili safari 6 ziwe 2?

#2 Mkia Juu
Maji hayo. Sikio la kulala halipati hewa, ukiongeza na kuogeshwa ovyo fangasi wamepata kitanda. Kabla ya kummwagia maji weka bonge la pamba kavu kila sikio, liwe kubwa kiasi cha kutozama. Ukimaliza litoe, ukaushe kwa kitambaa hadi pale kidole kinapofika, usiende zaidi. Akiogelea, ni hivyohivyo.

#3 Manyoya
Chakula. Nta ya kahawia inayorudi ni aleji ya kuku mpaka ithibitike vinginevyo. Badilisha chakula uone.

#4 Pua Baridi
Kabla hatujafika jikoni, tuanze na dosi. Mfereji wa sikio la mbwa haukunyooka kama wa mtu. Unashuka chini kwanza, kisha unakata kona kuelekea ndani, kama herufi L. Kwa mbwa wa kilo 24 ni sentimita kadhaa za kushuka kabla hujafika kwenye kona, na ugonjwa mwingi umejificha baada ya kona hiyo.

Sasa mtu anadondosha matone 4. Tone moja ni kama mililita 0.05, kwa hiyo kaweka mililita 0.2. Zinaishia kwenye nywele na ukuta wa juu. Mbwa mkubwa huhitaji karibu mililita 1 kwa sikio moja kila anapowekewa, mdogo karibu nusu yake, ila maelekezo ya dawa husika ndiyo ya kufuata kwa sababu zipo za kuwekwa mara moja tu na zikakaa wiki nzima. Chukua sirinji ndogo isiyo na sindano, pima, ingiza. Acha kuhesabu matone huku mbwa anatikisa kichwa.

Kosa la pili ni kuacha siku ya nne kwa sababu harufu imekwisha. Harufu hutangulia kuondoka, fangasi bado wamo.

#5 Mlinzi wa Usiku
Sikio la kufa halisikii dawa, wakuu. Mara 6 kwa mwaka, hilo ni la kufanyiwa upasuaji tu.

#6 Hadubini
#5, hilo sikio linasikia dawa vizuri sana, limesikia mara 6. Ndiyo maana ya swali zima. Dawa inaua kilichomo, halafu kuna kitu kinakirudisha.

Madaktari wa ngozi za wanyama huligawa tatizo la sikio mafungu manne, na ukiyachanganya ndipo hela inapopotea:

Chanzo chenyewe: mzio (aleji), utitiri wa sikio, kitu kilichoingia, uvimbe, homoni.
Wavamizi: fangasi aina ya Malassezia na bakteria. Hawa hawaanzishi, wanakuta mlango uko wazi.
Mazingira: masikio ya kulala, nywele nyingi mferejini, maji (#2 uko hapa).
Vinavyoendeleza: ukuta wa mfereji ulionenepa, kiwambo cha sikio kilichotoboka, maambukizi yaliyohamia sikio la kati.

Safari zote 6 zimetibu wavamizi. Chanzo hakijaguswa hata mara moja. Mkia Juu yuko sahihi kuhusu maji ila maji peke yake huwapata mbwa wengi, na wengi wao hawaumwi.

Swali kwa Mbweko: kila safari walichukua sampuli ya nta wakaitazama kwa hadubini? Kijiti cha pamba, kinaviringishwa kwenye kioo, rangi, dakika chache, basi. Fangasi huonekana kama karanga au nyayo ndogo za kiatu, bakteria wengine ni vidoti, wengine vijiti. Kila mmoja ana dawa yake, na ni moja ya vipimo rahisi zaidi kliniki.

#7 Mbweko
Shukrani #6. Sampuli ilichukuliwa safari ya kwanza tu, jibu likawa fangasi. Zilizofuata waliangalia kwa macho na kunusa wakaandika dawa ileile. Niongeze: huyu mbwa hujilamba miguu ya mbele sana, manyoya kati ya vidole yamegeuka rangi ya kutu.

#8 Hadubini
Hiyo rangi ya kutu ni mate. Manyoya mepesi yanayolambwa muda mrefu hugeuka hivyo. Masikio pamoja na miguu, umri wa miaka 3... hapo nafikiria mzio kabla ya kingine chochote. Angalia pia makwapa, tumbo na kuzunguka midomo.

#9 Manyoya
Nilisema #3. Chakula.

#10 Pua Baridi
Taratibu. Mzio hupiga masikio yote mawili, maana damu ni moja na ngozi ni moja. Huyu ni sikio la kulia peke yake mwaka mzima. Upande mmoja unaniambia kuna kitu ndani: mbegu ya nyasi yenye miba iliyoingia na haiwezi kurudi nyuma, kinyama kilichoota mferejini, au mabaki yaliyoganda karibu na kiwambo. Hapo hata umbadilishie chakula mara kumi, kitu bado kimo.

Je, kuna aliyewahi kuchungulia hadi kwenye kiwambo? Sikio lililovimba huwezi kuona mwisho wake. Linatibiwa kwanza, halafu siku likiwa limetulia ndipo anaangaliwa vizuri, ikibidi kwa dawa ya usingizi. Watu wengi hawarudi siku hiyo kwa sababu mbwa amepona. Safari ya ukaguzi ndiyo inayoonekana ya kupoteza hela, kumbe ndiyo inayookoa zile nyingine.

#11 Kola ya Ngozi
Nina la kusahihisha pande zote mbili.

Manyoya: mzio wa chakula upo, lakini mzio wa mazingira (vumbi, chavua, utitiri wa vumbini) ndio unaoonekana zaidi kwa mbwa. Kwa kawaida huo wa mazingira huanza kati ya miezi 6 na miaka 3. Wa chakula unaweza kuanza umri wowote, hata mbwa akiwa amekula kitu kilekile miaka mitano. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Na kuku si wa kwanza. Kwenye mapitio ya kesi zilizothibitishwa, nyama ya ng'ombe inaongoza, zikifuata bidhaa za maziwa, kuku, kisha ngano.

Pua Baridi: mzio huanza bila usawa mara nyingi tu. Sikio moja linawaka, la pili liko kimya lakini ukichukua sampuli unakuta fangasi wamezidi. Nauliza kama la kushoto limewahi kupimwa.

#12 Nyayo Nne
Nakazia la kupima yote mawili. Na jamani msisahau utitiri wa sikio. Nta nyeusi, kavu, kama masalia ya kahawa ya unga, hasa mtoto wa mbwa au anayelala na paka. Hao huhama. Ukitibu mbwa ukaacha paka, mwezi ujao umerudi mwanzo.

#13 Hadubini
Kweli, ingawa nta ya #1 haifanani nao. Jambo jema ni kwamba dawa za kupe na viroboto za kundi la isoksazolini zinaua na utitiri huo pia. Mbwa akiwa kwenye dawa hiyo bila kuruka, vyanzo viwili, viroboto na utitiri, unavivuka kwa hela uliyokuwa utumie hata hivyo. Mwenye historia ya kifafa au degedege amwambie daktari kabla, kundi hilo si zuri kwao.

#14 Mkia Juu
Sawa, tuseme ni chakula. Si kuna kipimo cha damu? Afadhali kulipa kipimo kimoja kuliko kununua chakula maalumu miezi miwili.

#15 Kola ya Ngozi
Usinunue hicho kipimo. Cha damu, cha mate, cha nywele, vyote kwa mzio wa chakula havitegemeki: mbwa mzima hupata orodha ndefu ya vyakula vya kukataa, mgonjwa anaambiwa yuko sawa. Vipimo vya damu na ngozi kwa mzio wa mazingira vina kazi yake, lakini ni kwa ajili ya kuchagua vya kutia kwenye sindano za kumzoesha vinavyomwasha, baada ya daktari kukata shauri kwamba ni mzio huo.

Kipimo cha chakula ni chakula chenyewe:

Wiki 8. Ukiishia wiki 3 umepoteza, kwa sababu wengine ngozi huchelewa kutulia. Kufika wiki ya 8 zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 wenye mzio wa chakula watakuwa wameonyesha nafuu.

Chakula ni aina moja tu ya protini ambayo hajawahi kula, au kile cha kliniki ambacho protini yake imekatwakatwa hadi mwili hauitambui. Mifuko ya dukani iliyoandikwa protini moja mara nyingi imekutwa na nyama nyingine ndani, mashine hazisafishwi kati ya chakula na chakula.

Kinachoharibu jaribio ni vitu vidogo: mifupa ya kutafuna, dawa ya meno yenye ladha, vidonge vya minyoo vyenye ladha ya nyama, kile kipande cha chakula unachofichia kidonge, na sahani ya paka. Mara moja tu kwa wiki inatosha kuvuruga.

Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani makusudi. Kama ni chenyewe, dalili hurudi ndani ya siku 14. Watu huruka hatua hii kwa huruma, kisha wanalipia chakula cha bei kubwa miaka kumi wakati mbwa alipona kwa sababu msimu ulibadilika.

#16 Manyoya
Nakubali kuhusu kuku, nilitaja kwa mazoea. Ila hiyo hatua ya kumrudishia ndiyo ngumu kuliko zote. Mbwa ametulia, halafu umpe kinachomwasha?

#17 Kola ya Ngozi
Ni siku chache, na unasimamisha mara tu akianza kujikuna. Bila hiyo huna jibu, una dhana.

#18 Bi Sirinji
Salaam nyote. Wakati chanzo kinatafutwa sikio linahitaji kuoshwa, na hapa ndipo nyumbani pengi panakosewa. Hivi ndivyo inavyofanyika:

Mkalishe mbwa mgongo wake ukiwa kwenye kona au katikati ya magoti yako, asiwe na pa kurudi nyuma. Pasha kichupa cha dawa ya kuoshea mkononi dakika mbili tatu, kimiminika baridi ndani ya sikio kinamfanya akukimbie maisha yake yote. Shika jani la sikio ulivute juu na nje kidogo, kona ya ile L inanyooka. Jaza mfereji hadi uone kimiminika mdomoni. Usiguse ngozi kwa ncha ya kichupa, utarudisha wadudu ndani ya dawa.

Sasa shika chini ya sikio, pale unapohisi kitu kigumu kama bomba la mpira. Kanda kwa dole gumba na vidole sekunde 30 hadi dakika nzima. Sikiliza: ukisikia mlio wa kuchapuka kama kiatu kilichojaa maji, kimiminika kimefika. Usiposikia, ongeza. Mwachie, ageuze uso, atikise. Kinachoruka ni nta ya chini ambayo pamba yako isingeifikia. Kisha zungushia pamba kwenye kidole ufute unapoona. Vijiti vya pamba ni vya mikunjo ya nje tu. Ukiviingiza ndani unashindilia nta kwenye kona kama mtu anayeshindilia udongo.

Subiri angalau dakika 15 kabla ya matone ya dawa, la sivyo unayazimua.

Mara ngapi? Wakati wa ugonjwa fuata daktari. Baada ya kupona, kwa sikio la aina hii mara moja kwa wiki. Sikio zima lisilo na historia liache, kulisafisha kila siku nako kunalilowesha na kulikwaruza.

#19 Nyayo Nne
Bi Sirinji asante sana, hii ya kuchapuka sikuwahi kuiona imeandikwa popote. Na siki je? Wapo wanaochanganya siki na maji wanasema inatosha, haina gharama.

#20 Bi Sirinji
Asidi ya siki kwa asilimia 2 hadi 2.5 kweli inazuia fangasi na hata wale bakteria wabishi wa vijiti. Siki ya kawaida ya jikoni ni karibu asilimia 5, kwa hiyo sehemu moja ya siki kwa sehemu moja ya maji ndiyo hiyo. Lakini kuna masharti mawili. Sikio lenye vidonda litachoma, mbwa atakuuma na atakuwa na haki. Na kama kiwambo kimetoboka, usiingize kitu ambacho daktari hajakiruhusu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi hapana kabisa.

#21 Hadubini
Hapo kwenye kiwambo nisimame. Kubakisha kichupa cha zamani, ukamwekea tena bila kuonwa na daktari: hii ndiyo njia maarufu ya kubana matumizi na ndiyo inayozaa bili kubwa. Dawa kadhaa za sikio zina antibayotiki za gentamisini au neomisini. Zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kudhuru sikio la ndani. Mbwa anainamisha kichwa upande, anayumba, macho yanacheza, wengine wanapoteza usikivu moja kwa moja. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, nayo haitakiwi kufika huko. Ukiona lolote kati ya hayo, simamisha dawa na umpeleke siku hiyohiyo.

#22 Pua Baridi
Na kichupa cha zamani kina hasara nyingine: kinafundisha bakteria usugu. Anaanza fangasi wa kawaida, anatibiwa nusunusu mara kadhaa, siku moja nta ya kahawia inageuka ute wa kijani-njano, sikio haligusiki. Huyo mara nyingi ni bakteria aitwaye Pseudomonas. Hapo sampuli inapelekwa maabara kuoteshwa, sikio linaoshwa kwa myeyusho wa Tris-EDTA dakika 15 hadi 30 kabla ya antibayotiki ili kuta za bakteria zilegee, na matibabu yanahesabiwa kwa wiki nyingi. Gharama ya sampuli zote mlizoruka inarudi hapa na riba.

#23 Mlinzi wa Usiku
Ndiyo maana nikasema upasuaji. Unalipa mara moja, unasahau.

#24 Hadubini
Kuondoa mfereji wote ni upasuaji mkubwa, unapita karibu na mshipa wa fahamu wa uso, na baadhi ya mbwa hubaki na kope lisilofumba vizuri. Usikivu wa upande huo unapungua sana. Una mahali pake: mfereji ukishakuwa mgumu kama mfupa, umeziba, hakuna dawa inayopita. Sikio linalotakata siku ya saba halijafika huko. Na kama chanzo ni mzio, ukiondoa mfereji wa kulia bado una ngozi, miguu na sikio la kushoto.

Kitu kingine cha kuepuka kwa gharama: damu kujaa kwenye jani la sikio kwa kutikisa kichwa. Linavimba kama mto mdogo, la moto. Kulikamua kwa sindano nyumbani hakusaidii, linajaa tena.

#25 Mhesabu
Niingie upande wa hela maana ndiyo kichwa cha uzi.

Safari 6 zina ada 6 za kumwona daktari, vichupa 6 na dozi 6 za vidonge. Weka mezani mpango mmoja badala ya safari 6: sampuli ya masikio yote mawili, ukaguzi wa wiki ya pili, jaribio la chakula wiki 8, kichupa kikubwa cha kuoshea. Mwaka huo wa kwanza hutaokoa sana, huenda ukazidisha. Faida inaanza mwaka wa pili. Asiyeambiwa hivyo mapema hukata tamaa mwezi wa pili.

Omba makadirio kwa maandishi, yaliyopangwa: la lazima leo, la kusubiri wiki mbili, la kusubiri miezi. Daktari haoni vibaya kuulizwa "kwa kiasi hiki tuanze na lipi", anachoshindwa ni kukisia mfuko wako. Kila safari ondoka na nakala ya majibu: tarehe, nini kilionekana kwenye hadubini, jina la dawa na siku. Ukihamia daktari mwingine bila hiyo karatasi unalipa kuanza upya. Penye chuo cha udaktari wa mifugo, kliniki yake ya mafunzo inaweza kuwa nafuu na ina mtaalamu wa ngozi.

Bima ni kwa mbwa ambaye bado hajaugua. Soma maneno haya kabla ya kusaini: kuna muda wa kusubiri kabla haijaanza kulipia ugonjwa, mara nyingi wiki mbili. Ugonjwa uliokuwepo kabla haulipiwi. Baadhi zina kipengele cha viungo vya pande mbili, yaani sikio la kulia likiwa limeandikwa kabla ya bima, la kushoto nalo limetoka. Nyingine hulipia ugonjwa mmoja kwa miezi 12 tu kisha basi. Kwa sikio linalorudi, aina hiyo ya mwisho haikufai.

#26 Mkia Juu
Kwa hiyo Mbweko bima kwisha?

#27 Mhesabu
Kwa masikio, pengine ndiyo. Kwa mguu na tumbo bado. Kwa masikio atenge akiba: jumla ya mwaka uliopita gawa kwa 12, weka pembeni kila mwezi hata mwezi ambao mbwa mzima.

#28 Bi Sirinji
Ongezeni uzito kwenye hesabu. Dawa hupimwa kwa kilo. Mbwa aliyetakiwa kuwa kilo 20 akiwa 24 unanunua vidonge vya kilo 4 za mafuta, vya mzio, vya minyoo, na vya kupe akivuka daraja la uzito. Pitisha viganja mbavuni: mbavu zihisike kama vifundo vya nyuma ya kiganja kilichonyooshwa, si kama vifundo vya ngumi, wala zisizame. Nishati ya kuanzia ni kilo mara 30, jumlisha 70, kisha mara 1.6 kwa aliyehasiwa. Kwa kilo 20 inatoka kama kilokalori 1,070 kwa siku, na vitafunwa vimo humo. Kuna utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador uliotolewa 2002, nusu walikula robo pungufu ya wenzao maisha yote. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka 2 zaidi.

#29 Nyayo Nne
Uzito umenikumbusha. Mbwa mnene, mzito wa kuamka, manyoya yanapukutika mkiani, masikio hayaponi: tezi ya shingo inaweza kuwa imelala.

#30 Hadubini
Inawezekana, ila huwakuta zaidi walio katika umri wa kati na kuendelea, huyu ana 3. Akipimwa, kipimo cha T4, homoni ya tezi hiyo, peke yake hakitoshi. Ugonjwa wowote, hata steroidi zilizomo kwenye dawa ya sikio, hukishusha. Wanapima na TSH, homoni inayoiamuru tezi.

#31 Mbweko
Wakuu shukrani, nimerudi na majibu. Sampuli zimechukuliwa masikio yote mawili. Kulia fangasi tele, bakteria hakuna. Kushoto fangasi wapo pia, wachache zaidi, na kwa macho sikio lilionekana safi kabisa. Kulia bado kumevimba, daktari hakuona kiwambo chote, robo ya chini imezibwa na nta. Kaniambia nirudi siku ya 14 achungulie tena.

#32 Kola ya Ngozi
Kushoto wapo. Mzio.

#33 Pua Baridi
Wachache huwa wapo hata kwenye sikio zima, ni wenyeji wa ngozi. Kinachohesabiwa ni wingi. Na robo ya kiwambo haijaonekana, ndipo hasa mbegu hukaa. Nabaki na langu hadi siku ya 14.

#34 Mkia Juu
Na akaushwe.

#35 Mbweko
Nitafanya yote. Jaribio la chakula naanza Jumatatu. Kidonge cha kupe cha mwezi kinaangukia katikati ya wiki ya tatu, nacho kina ladha ya nyama. Nikiruke?

#36 Kola ya Ngozi
Usikiruke, kiroboto mmoja atakuharibia jaribio kuliko ladha. Mwulize daktari kama kinafaa kubadilishwa na kile cha wiki 12 mpe kabla ya Jumatatu, wiki 8 zote zitaisha kabla hajahitaji kingine. Kama hakimfai, chukua ya kudondoshea ngozini kati ya mabega, na usimwogeshe siku mbili kabla na mbili baada. Permethrini ni sumu kali kwa paka, kwa hiyo penye paka chagua isiyo nayo.

#37 Bi Sirinji
Na vile vidonge vya sikio usivifiche kwenye chakula cha zamani. Chota kidogo kile kipya, kifinyange kiwe donge.